Mombasa hadi Gede na Kurudi: Siku Moja ya Visima

Wengi wanaotoka Mombasa na watoto kwenda kuona magofu ya pwani ya kaskazini huanza na ya karibu. Jumba la Mtwana liko kilomita 15 hivi tu kutoka mjini, basi gari linasimama hapo kwanza, jua la adhuhuri linawakuta njiani, na Gede wanaingia saa nane watoto wamekwisha kuchoka. Sisi tuliipindua ratiba. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa Daraja la Nyali, Mtwapa tukaipita kabla malori hayajaziba barabara, na saa mbili na nusu tulikuwa langoni Gede, kilomita mia na ushei kutoka kisiwani. Mnarani, magofu ya Kilifi, na Jumba tukaviweka kwa safari ya kurudi.

Langoni hulipi taslimu. Ni kwa simu, kwa hiyo weka pesa na bando kabla ya kutoka nyumbani. Beba kitambulisho. Mwananchi ana bei yake, na mgeni hutozwa mara kadhaa zaidi. Shangazi aliyekuja likizo kutoka Muscat na pasi ya Oman atahesabiwa mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa Malindi, na hapo hakuna mjadala utakaomsaidia.

Gede ni mji wa mawe ndani ya msitu. Ulinawiri karne ya 15, ukahamwa karne ya 17, na mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuufukua mwaka 1948. Tangu 2024 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nyumba zake huitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Makasi, ya Taa ya Chuma, ya Sarafu za Kichina. Watoto hupenda kukisia jina kabla ya kusoma kibao. Watu wazima wengi hupiga picha kwenye lango la kasri na kwenye kibla cha Msikiti Mkuu, wakaondoka. Wanakosa kitu kikubwa kuliko vyote, nacho ni maji.

Nenda kwenye kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu. Mshike mtoto mkono, maana mdomo wa kisima uko wazi. Maji yalitekwa hapa, yakamiminwa kwenye birika la kutawadhia, na hapo chini yapo matumbawe ya kukwaruza ya kusugulia miguu kabla ya kukanyaga mkeka. Sasa tazama kisima chenyewe. Waliofukua waligundua kwamba baadaye kilichimbwa kwenda chini zaidi. Mtu haongezi kina cha kisima kwa kupenda kazi. Maji yalikuwa yanashuka.

Sababu zake si ngumu kuzielewa ukijua ardhi hii. Mwamba wa pwani ni matumbawe ya kale, una vinyweleo kila mahali. Mvua hupenya moja kwa moja, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Tabaka hilo likiwa jembamba, kuteka kwa pupa huipandisha chumvi. Kina kikizidi, unachota bahari. Wapo wanaosema Gede ilihamwa kwa hofu ya Wazimba, wapiganaji kutoka kusini walioishambulia Mombasa mwaka 1589, au kwa msukumo wa Waoromo kutoka kaskazini. Huenda yote yalichangia. Lakini mji unaweza kujenga ukuta dhidi ya adui, na Gede ilijenga zaidi ya mmoja. Kisima kikikauka, ukuta haukusaidii kitu.

Kisha angalia vyoo. Nyumba za wenye uwezo zilikuwa na choo cha shimo ndani, na pembeni mahali pa kujisafishia kwa maji. Hii ni zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mombasa ya leo, mitaa mingi bado inangojea mkokoteni wenye mitungi ya lita 20, na bei hupanda kila bomba linapokauka. Maji ya bomba yenyewe, kwa sehemu kubwa, husukumwa kutoka Baricho kwenye Mto Sabaki, mwendo mrefu. Wale wa Gede walikuwa nayo uani.

Usiondoke bila kuona kaburi lenye tarehe: 802 Hijria, yaani 1399. Vaa viatu vya kufunika vidole, maana mizizi imeinua mawe kila njia, na jipake dawa ya mbu. Chakula kiache garini. Kima wa hapa hawaogopi mtu; mahamri yetu yalitolewa juu ya begi lililofungwa nusu, na mwizi akayala kwenye tawi, polepole, mbele ya watoto waliokuwa wakishangilia. Chakula cha mchana cha kununua upande wa Watamu kina bei ya watalii.

Mnarani, Kilifi, inatosha dakika 40. Msikiti uko juu ya jabali linalotazama mkono wa bahari, ndiyo maana kisima chake kilibidi kitoboe mwamba wote huo. Mbuyu mkubwa una kivuli, pumzikeni hapo.

Jumba la Mtwana ni la jioni. Mji huu wa karne ya 14 ulichagua mahali penye maji matamu, penye upepo wa kaskazi na wa kusi, na pasipo bandari ya kumkaribisha adui mwenye jahazi kubwa. Kwenye Msikiti wa Pwani tafuta birika, halafu kaburi la jirani lenye aya ya Kurani, sura ya Aal Imran, kwamba kila nafsi itaonja mauti. Njia ya kuingilia kutoka barabara kuu ni ya vumbi, kilomita chache tu, ila mvua ikinyesha gari dogo litalia.

Tokeni saa kumi na moja kasoro. Foleni ya Mtwapa jioni inaweza kula muda mrefu kuliko ziara nzima ya Kilifi, na ukiwa na watoto waliolala na chupa zilizokwisha, muuza maji wa dirishani anajua hilo na anapanga bei yake ipasavyo.