Hakuna kushuka mpaka niseme

Wafuga mbwa wengi ninaowafahamu hapa Dodoma huanza na kutoa mkono. Mgeni akifika, mbwa anaitwa, ananyoosha mguu, watu wanacheka, soda inaletwa. Mimi nilianza na kushuka garini. Mkono mbwa wangu hawaujui mpaka leo na sioni walichokosa. Ila nikivuta mlango wa Noah pale Mpunguzi, hakuna anayegusa ardhi kabla sijasema.

Ninao wawili. Chui ni wa kienyeji, mwembamba, masikio wima, mwepesi kama hana mifupa. Malkia ana damu ya German Shepherd, mzito, na ana akili nyingi kuliko kazi tunayompa. Tunaishi Ilazo, shamba letu la zabibu liko Mpunguzi, barabara ya Iringa. Zabibu hapa kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zikianza kuiva tu kila mtu anakumbuka kwamba ana ndugu Mpunguzi. Ndiyo maana Jumamosi naenda na mbwa.

Shamba liko ng'ambo ya lami, kwa hiyo napaki kushoto kwanza, nawasha hazadi, ndipo tunavuka. Ni barabara ile ile iendayo Mtera, na lori likishuka pale na mzigo halina habari na mbwa wa mtu. Noah yangu ya zamani ina mlango wa kuvuta upande mmoja tu, wa kushoto, na hilo limenisaidia, maana mbwa wangu hawajui kabisa kwamba gari lina upande wa kulia. Mwenye gari la milango minne afanye hivyo hivyo. Tunaendesha kushoto, mlango wa kulia unafungukia kwenye magari, basi mbwa asiuzoee.

Malori ni sababu moja. Sababu kubwa zaidi kwangu ni watu. Jirani yangu mmoja ni mzee wa Kirangi kutoka Kondoa, mtu wa swala tano, na Ijumaa hupita mbele ya geti letu na kanzu iliyonyooshwa. Tulipoleta mbwa alinisimamisha.

"Mama Upendo, mimi na mbwa wako sina ugomvi. Lakini pua lile la majimaji likinigusa nina kazi ya kurudi nyumbani kuosha mara saba, na moja kwa udongo. Swala itanisubiri?"

"Haitakusubiri, mzee wangu. Hatakugusa."

Ukishaahidi namna hiyo, huwezi kuwa na mbwa anayemwagika garini kama mahindi kwenye gunia lililochanika. Halafu kuna wanaoogopa tu, na hao ni wengi. Mtu akiona mbwa anaruka kutoka garini anakimbia, mbwa akiona mtu anakimbia anafuata, na hapo hata kama alitaka kucheza nani atamwamini? Wangu wanachanjwa kichaa cha mbwa kila mwaka na kadi zao zipo, lakini mtu aliyekwaruzwa pembeni ya barabara hajaziona hizo kadi. Ataosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, atakwenda hospitali kuanza sindano, na atakuwa na haki kabisa.

Sasa kazi yenyewe. Usianzie barabarani. Tulianzia nyumbani, geti limefungwa, injini imezimwa, saa za jioni jua likiwa limepoa. Mfukoni nilikuwa na dagaa wakavu. Watu wa biskuti za dukani sibishani nao, lakini dagaa mmoja ni tonge moja, ananukia kupita maelezo, na fungu lake sokoni halikutoi jasho. Gari litanuka. Kubali.

Kitu kimoja ukikishika, mengine yote yanafuata: mbwa hataki dagaa, anataka mlango. Nje kuna harufu, kuna mbuzi, kuna dunia nzima. Dagaa ni asante tu, ujira wenyewe ni mlango kufunguka. Kwa hiyo mlango ndio unaofundisha. Mbwa akitulia unafunguka, akinyanyuka unafungwa. Hupigi kelele, hugombi, humsukumi.

Malkia alikuwa amekaa kwenye siti ya nyuma. Nilisema "subiri" mara moja, nikaweka mkono kwenye kitasa. Akasimama. Nikaondoa mkono, nikatazama angani kama mtu anayengoja daladala. Akakaa. Nikarudisha mkono. Hata mlango haujaguswa, na mbwa ameshaanza kupiga hesabu. Hatua iliyofuata ilikuwa kuuvuta upana wa kiganja. Pua likachomoza, nikaurudisha taratibu. Nasema taratibu kwa sababu mlango wa Noah una uzito, na ukibana pua au mguu utakuwa umemfundisha jambo jingine kabisa. Alipokaa tena nikauongeza, na tukaendelea hivyo, kidogo kidogo, mpaka siku mlango ulipokuwa wazi wote na yeye amekaa, anatetemeka mabega, ananitazama mimi badala ya kutazama nje. Hapo ndipo dagaa. Nilimpelekea mdomoni palepale kwenye siti. Ukimrushia nje, utakuwa umemlipa kwa kutoka. Kisha nikamwambia "shuka", akashuka.

Watu wanaimba: subiri, subiri, subiri, wewe subiri! Mbwa anajifunza kwamba la kwanza na la pili hayana maana. Semeni mara moja, mengine uachieni mlango.

Akishaweza hilo, ongeza vishawishi kimoja kimoja. Nilirudi hatua nyuma. Nikampa mgongo. Nikadondosha funguo. Nikamwomba mwanangu apite na mpira, kisha jirani apite na baiskeli. Kila kitu kipya kikija nilishusha kipimo cha mambo mengine: akipita mtu, basi mlango uwe nusu. Ukiongeza yote kwa pamoja mbwa anaanguka mtihani ambao hakufundishwa.

Wawili kwa pamoja ni somo jingine, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Kwanza kila mmoja ajue peke yake. Kisha ruhusa iende kwa jina. "Chui, shuka." Chui anaruka. Malkia, ambaye amesikia "shuka" waziwazi, anabaki, na kwa kubaki kwake analipwa dagaa wawili mbele ya mwenzake. Naanza na Chui kwa makusudi: yeye akiona Malkia ametangulia analia kama aliyeachwa na basi, lakini Malkia anaweza kuvumilia. Wengine wanasema mkubwa atangulie ili heshima ikae. Mimi naona atangulie yule ambaye subira yake ni fupi, mpaka itakapokua.

Kikwazo kikubwa kilikuwa Baba Upendo. Tukifika shamba alikuwa anavuta mlango wote kwa mara moja na kusema, "Waache wanyama washuke bwana, wamechoka na safari." Safari yenyewe ni kutoka mjini mpaka Mpunguzi! Nilimwambia, mume wangu, mbwa hawezi kujua leo ni zamu ya mlango wa mama au mlango wa baba. Siku hizi ndiye mkali kunishinda. Nimemsikia akimwuliza Chui, "Nani kakuruhusu?"

Kamba haijaondoka pamoja na mafunzo yote haya. Naifunga kwenye mkanda wa shingo kabla mlango haujafunguka, na mwisho wake uko mkononi mwangu. Wale wanaomfungia mbwa kwa shingo nyuma ya pikapu nawaomba waache: akiruka ubavuni ananing'inia. Na pikapu ni juu, mbwa mdogo ambaye bado anakua, au mzee wa viungo, mshushe kwa mikono.

Jumamosi iliyopita nilipaki mahali petu pa siku zote, nikafunga kamba, nikavuta mlango. Wakati huohuo kundi la mbuzi likatokea nyuma ya gari, kijana wa Kigogo akiwa nyuma yao na fimbo begani. Walipita karibu hata vumbi lao likaingia ndani. Pua za Chui zilikuwa zinafunguka na kufunga. Mguu wake wa mbele ulinyanyuka kutoka kwenye siti, ukabaki hewani, nami nikausogeza mlango kidogo tu. Mguu ukarudi chini. Mbuzi wa mwisho, kilema kidogo, alisimama kabisa mbele ya mlango akamtazama.

"Shikamoo mama. Hang'ati?"

"Marahaba. Hashuki mpaka nimwambie."

"Basi usimwambie."

Sikumwambia mpaka walipofika kwenye mbuyu.

Pale tusipofaulu bado ni sheli. Malkia haelewi kwa nini mtu asiyemfahamu anafungua kifuniko cha mafuta ya gari letu, na anasimama siti nzima. Mlango sifungui pale, nimeamua tu kwamba sheli si darasa.

Kuna mtu aliniuliza kama mbwa akishajua kusubiri naweza kumwacha garini nikaingia benki. Hapana. Mbwa anajipoza zaidi kwa kuhema, na hewa ya ndani ya gari lililofungwa hupanda joto upesi sana, kivulini pia si salama, achilia mbali jua la Dodoma la Oktoba. Kushusha kioo kidogo hakutoshi. Kusubiri ninakozungumzia ni kwa muda mfupi, mlango uko wazi na mimi nimesimama hapo hapo. Nikiwa na shughuli za mjini, Chui na Malkia wanabaki Ilazo.