Manyoya ya jogoo

Utotoni kule Kadutu, Bukavu, tukitoka kuangalia video mchezo ulikuwa mmoja tu: kaboi na Waapache, wale wenyeji wa asili wa Marekani. Mimi nilikuwa kaboi kila mara, maana niliiba kofia ya papa, baba yetu. Mdogo wangu tulimchomeka manyoya ya jogoo kichwani, akaambiwa afe. Alikufa vizuri sana, alibingirika hadi kwenye mfereji, na mama akatuchapa wote wawili kwa ajili ya ile kaptula.

Juzi umeme ulirudi usiku wa manane, nikaanza kusoma habari za Geronimo, kiongozi wa vita wa Waapache. Picha zake nyingi zinamwonyesha na kitambaa kichwani, wala si manyoya. Kumbe askari wa Meksiko walimuulia mama, mke na watoto watatu. Alipojisalimisha mwaka 1886 kule Arizona, askari wapatao 5,000 wa Marekani walikuwa wamemsaka yeye na watu wasiofika 40. Hata maskauti Waapache waliolisaidia jeshi kumtafuta walipakiwa kwenye treni kwenda Florida, wafungwa kama yeye. Ndiyo asante yao.

Lakini kilichoninyima usingizi ni maonyesho ya dunia ya St. Louis, Marekani, 1904. Geronimo yupo, bado mfungwa, anauza picha zake. Na palepale yupo Ota Benga, Mkongomani mwenzetu, meno yamechongwa, watu wanalipa senti tano ili wayaone.

Nikamwandikia mdogo wangu, siku hizi yuko Lubumbashi. Akajibu asubuhi: “Yaya, ile kofia ya papa iko wapi?”