Kumbukumbu ya jikoni: supu ya mifupa ya bata mzinga, baada ya Thanksgiving

Alhamisi usiku

Wageni wa Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, wameondoka, vyombo vimejaa sinki, na mezani amebaki bata mzinga aliyeliwa upande mmoja. Kidari cha kushoto kimekwisha. Cha kulia kipo nusu, paja moja halijaguswa, mabawa hakuna aliyeyataka, na mgongo mzima upo na ngozi yake. Alikuwa na kilo saba na ushei alipoingia oveni.

Minnesota, ninakoishi, ndiyo jimbo linaloongoza Marekani nzima kwa kufuga bata mzinga, na wiki hii maduka huwauza kwa bei ya kuvutia wateja, mara nyingi rahisi kwa kilo kuliko kuku. Kwa hiyo kila nyumba ina mmoja, na kila nyumba kesho itakuwa na sandwichi za kidari kikavu. Mifupa inaenda pipani. Hapo ndipo mradi wangu unapoanzia.

Ninachotaka ni supu ya asubuhi kama tunavyoijua Dar: nyepesi kwa macho, nzito mdomoni, ya kunywea na chapati. Kipimo changu ni makongoro, supu ya miguu ya ng’ombe. Ukiinywa midomo inate, na ikilala kwenye friji iamke imeganda. Isipoganda, hayo ni maji ya mifupa.

Kazi ya usiku huu ni kunyambua tu. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema nyama iliyopikwa isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na ikiwa ndani ya friji iliwe au ipikwe upya ndani ya siku tatu hadi nne. Mwisho wangu basi ni Jumatatu. Nyama ya paja nimeiweka peke yake, ya kidari peke yake, mifupa na mabawa kwenye bakuli kubwa.

Shemeji alikuwa ameshafungua mfuko wa taka.

“Shemeji, hii mifupa nitupe?”

“Usithubutu.”

“Ya nini sasa, na mbwa hatuna?”

“Ya supu.”

“Haya. Mimi simo.”

Ijumaa

Nimepiga simu kwa wenzangu wa kazini kuomba mifupa yao. Mmoja akacheka, akaniuliza nina mbwa wangapi. Hata hivyo nimerudi na gofu la pili, yaani mifupa ya ndege mzima aliyekwisha kuliwa, la ukubwa kama langu, na la tatu ambalo alilipika kwa moshi uani kwake. La moshi nimelitenga. Moshi ukiingia kwenye supu ya ndimu unatawala kila kitu, lakini kwenye maharage mifupa hiyo ni mali.

Nimesoma pia karatasi iliyomfunika ndege wangu, maana bado ilikuwa juu ya friji. Imeandikwa kwamba amedungwa mchanganyiko wa maji na chumvi. Bata mzinga wengi wa kugandishwa wanaouzwa hapa wako hivyo, ili kidari kisikauke. Anayetengeneza supu ajue jambo hili mapema: chumvi imeshaingia, na supu ikipungua kwa moto chumvi itazidi kukolea. Kwa hiyo sitii hata chembe hadi mwisho.

Mchana nimepita Lake Street, Minneapolis, kwenye duka la Wamexico. Huko kuna vitu vitatu ambavyo duka la mtaani kwangu halina: ndimu ndogo zenye harufu kama za nyumbani, pilipili za habanero, ambazo kwa ukali na harufu ndizo ndugu wa karibu wa pilipili mbuzi, na miguu ya kuku. Miguu ya kuku ndiyo niliyoifuata hasa.

Makongoro hunata kwa sababu mguu wa ng’ombe karibu wote ni ngozi, kano na gegedu, na humo ndimo ilimo kolajeni, protini inayoshikilia viungo vya mwili. Ikitokota kwa muda mrefu kolajeni huyeyuka ikawa jelatini, na jelatini ndiyo inayogandisha supu ikipoa. Gofu la bata mzinga lina kolajeni kwenye mabawa, shingo na gegedu la kidari, ila sehemu yake imeshachuruzika kwenye trei ya oveni siku ya sikukuu. Mguu wa kuku ni mguu wa ng’ombe uliopungua kimo. Nataka kuona unaongeza nini.

Jumamosi

Siku ya kupika. Sufuria mbili, ili nilinganishe. Sufuria A ina gofu langu na mabawa yake tu. Sufuria B ina gofu la mwenzangu pamoja na nusu kilo ya miguu ya kuku.

Maandalizi yamechukua muda kuliko nilivyotegemea, na hapa sishauri kuharakisha. Ndani ya tumbo la ndege wa Thanksgiving mna mabaki ya mkate unaoshindiliwa humo kabla ya kuchoma, vitunguu vilivyoungua na majani ya seji na thaimu, viungo vya harufu kali. Nimesuuza matumbo yote mawili kwa maji ya uvuguvugu, maana mkate ukibaki supu inakuwa na vumbi lisilochujika. Ngozi ya mgongo nimeibandua karibu yote. Ina mafuta mengi, na ndiyo iliyobeba seji. Migongo nimeivunja kwa mikono kwenye maungio. Sikukatakata kwa panga, kwa sababu vipande vya mfupa mkavu ni hatari kooni mwa mtoto.

Miguu ya kuku ni mibichi, na ubichi huleta povu. Nimekata kucha, nikaichemsha dakika tano, nikamwaga yale maji, nikaiosha. Baada ya hapo ikaingia sufuriani.

Maji baridi, na yawe ya kufunika mifupa tu. Mimi nimetumia kama lita tatu kwa kila gofu. Wapishi wengi hujaza sufuria hadi shingoni kisha wanashangaa supu haina mwili. Mifupa ya ndege mmoja ina kiasi chake cha jelatini, na kila kikombe cha maji unachozidisha kinaigawa upya.

Moto ni suala la subira. Nimeweka kipimajoto ndani ya sufuria nikashikilia kati ya nyuzi 85 na 95. Juu kunapanda kipovu kimoja hapa, kingine pale. Supu ikichemka kwa vishindo, mafuta yanapigwapigwa hadi yanachanganyika na maji, na hapo inakuwa na rangi ya maji ya kufulia na haitakati tena. Nimeziacha zitokote kwa saa nne. Watu hunishauri nitie siki ili ivute madini ya mfupani. Mimi nafuata jelatini, nayo haidai siki, kwa hiyo siki ilibaki kabatini.

Viungo vimeingia saa ya mwisho: kitunguu maji kilichopasuliwa, tangawizi iliyopondwa kwa ngozi yake, kitunguu saumu, pilipili manga nzima, karafuu mbili. Tangawizi ikipikwa saa nne harufu yake yote huwa imeshahamia sebuleni. Mdalasini na iliki sikuvitia. Ni vitamu, lakini vikiingia tu kila mtu anauliza pilau liko wapi.

Baada ya kuchuja, kazi ya hatari ni kupooza. Sufuria kubwa ya supu ikiachwa jikoni ipoe yenyewe usiku kucha ndiyo makao anayoyapenda bakteria aitwaye Clostridium perfringens. Mbegu zake hustahimili kuchemshwa, kisha huamka supu inapopita polepole kwenye uvuguvugu. Kanuni ya wapishi wa mahoteli hapa ni kwamba chakula kishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa mbili za mwanzo, kisha chini ya nyuzi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Nimegawa supu kwenye mabakuli mapana, nikaziba sinki na kulijaza theluji kutoka ukumbi wa nje. Minnesota haina mwembe uani, ila barafu ya bure inayo. Kuna wanaotoa sufuria nzima ikalala nje. Sipendi. Jua la mchana linaweza kuipasha tena, na kindi wa mtaa huu hawana adabu.

Jumapili asubuhi

Zote zimeganda, ila kwa viwango tofauti. A inatikisika ukigonga bakuli, na ukiigusa kwa kijiko inavunjika na kutoa maji. B nimeikata kwa kisu ikasimama wima. Juu ya kila moja kulikuwa na tabaka la mafuta ya rangi ya dhahabu. Nimelibandua nikaliweka kwenye chupa. Ni zuri kwa kukaangia viazi.

Kisha nikazipasha na kuzionja zikiwa tupu, na hapo mambo yakageuka. B inanata kama nilivyotaka, lakini inanukia kuku. A ni legevu, lakini ladha yake ni ya bata mzinga mwenyewe, nzito, yenye ule ukali kidogo wa nyama nyeusi ya paja. Nimechanganya sehemu mbili za A na moja ya B, nikaziacha zitokote zikiwa wazi nusu saa nyingine zipungue. Hiyo ndiyo supu. Nusu kilo ya miguu kwa gofu moja imezidi, robo kilo inatosha kabisa.

Nyama ya paja imeingia sufuriani dakika kumi kabla ya kupakua. Nyama ya kidari sikuipika tena. Imeshapita oveni mara moja, na ikichemshwa inageuka nyuzi za kamba. Nimeichambua nikaiweka chini ya bakuli, supu inayochemka ikamwagwa juu yake. Habanero moja imeelea nzima na kikonyo chake, ikatolewa kabla haijapasuka. Chumvi ilihitajika kidogo sana. Ndimu ni ya mezani, kila mtu akamulie bakuli lake, kwa sababu ndimu iliyochemka inaleta uchungu.

Seji bado ipo. Imejificha, lakini unaipata mwishoni, baada ya tangawizi kupita. Watoto hawakuisikia. Mama watoto aliisikia kwenye kijiko cha kwanza.

Shemeji, yule aliyesema yeye hayumo, alikunywa bakuli la kwanza amesimama. La pili alikaa. Chapati zilizobaki alizifunika kwa sahani akasema ni za jioni.

Lita mbili za supu nilizitenga kwa namna ya huku, maana jirani yetu wa chini ni mzaliwa wa hapa na ndiye aliyetukopesha trei ya kuchomea. Supu ya Minnesota huenda na manoomin, nafaka ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, inayoota majini kwenye maziwa ya kaskazini. Watu huiita mchele wa porini, ingawa si mchele hasa bali ni nyasi ya jamii nyingine. Huvunwa kwa mtumbwi: mmoja anausukuma kwa upondo, mwingine anainamisha mashina kwa kijiti na kupukutisha punje kwa kijiti cha pili. Tangu 1977 ndiyo nafaka rasmi ya jimbo. Ile nyeusi inayolimwa mashambani huchukua karibu saa nzima kuiva. Ile ya ziwani, ya hudhurungi, huiva kwa nusu ya muda huo. Ipikwe pembeni hadi punje zipasuke na kujikunja, ndipo itiwe kwenye supu, la sivyo itakunywa sufuria yote. Jirani huongeza krimu. Mimi nimempelekea bila krimu, karoti na seleri tu, na pale seji ilikaa mahali pake kana kwamba supu ilitungwa kwa ajili yake.

Jumatatu

Kilichobaki kimeingia friza kwenye vibakuli vya nusu lita, supu bila nafaka wala kidari, tarehe imeandikwa juu. Miezi miwili mitatu itabaki na ladha yake. Mifupa ya moshi imelala rafu ya chini humo humo frizani, itakutana na maharage wikendi ijayo.

Kuhusu seji nimefikia uamuzi. Kuiosha kwenye mfupa haiwezekani. Dawa ni kutoiweka. Krismasi nitanunua ndege asiyedungwa chumvi, nimpake kitunguu saumu, pilipili manga na tangawizi, na tumboni nitie ndimu zilizopasuliwa na vitunguu badala ya mkate, ili mifupa itoke oveni ikiwa tayari kwa supu. Mama watoto amekubali, kwa sharti kwamba miguu ya kuku isionekane mezani mbele ya wageni.