Madaftari ya moshi: tulivyopata ushahidi wa kesi yetu ya hewa

Wakazi wa mtaa mmoja wa Mombasa, upande wa bara, waliponiita mara ya kwanza nilidhani kazi kubwa ingekuwa sheria. Sivyo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Kilichotutoa jasho ni ushahidi.

Kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu kilitoa moshi usiku. Mkaguzi akija mchana, anga nyeupe. Mama mmoja ambaye mjukuu wake ana pumu aliniambia, "Wakili, nguo nikizianika jioni, asubuhi nazifua tena. Nikupe ushahidi gani?" Nikamwomba auandike huo huo. Nyumba saba zikapewa madaftari ya shule: saa moshi ulipoanza, upepo unatoka wapi, nani kakohoa usiku. Waliandika kuanzia Septemba hadi Januari. Tulipoyaweka pamoja, wakati wa kusi, upepo utokao kusini, malalamiko yalitoka nyumba za kaskazini ya kiwanda. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, ilipoanza kuvuma, yakahamia upande wa pili. Wenyeji wanazijua pepo hizi tangu utotoni, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuziona zikitoa ushahidi namna ile.

Vipimo navyo vilitutesa. Tulitundika vifaa vya bei nafuu vya kupimia chembe laini za vumbi, zile zinazoingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Wakili wa kiwanda akauliza swali moja tu: mmerekebisha kwa unyevu? Hatukuwa tumefanya hivyo. Hewa ya pwani ina maji mengi, chembe huyanyonya zikavimba, na kifaa kinasoma zaidi ya kilichopo. Alikuwa sahihi, na niliumia kwa sababu wale akina mama walikuwa wamenitegemea. Tukaviondoa, tukaviweka wiki mbili kando ya mashine sanifu ya chuo kikuu, tukapata hesabu ya kusahihisha, kisha tukaanza upya. Anayefanya kesi ya hewa aanzie hapo.

Wengine walitaka kukata tamaa. Niliwakumbusha Lamu, ambako Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kwa Kifungu cha 35, cha haki ya kupata habari, tuliomba kibali cha kutoa moshi kinachotakiwa na Kanuni za Ubora wa Hewa za 2014, pamoja na ripoti zake. Nikazisoma usiku kucha. Kila kipimo kilichukuliwa kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Madaftari yetu yalianzia saa nne usiku.

Baada ya hapo mazungumzo na kiwanda yalibadilika. Makubaliano yalisajiliwa kuwa amri ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi: machujio mapya, na kipimo cha saa 24 kwenye bomba la moshi. Sharti hilo la saa 24 ndilo tuliloliomba pia tulipopeleka maoni ya kuimarisha kanuni, tukitaja kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha mwaka cha chembe laini kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Kiambatisho cha kwanza kilikuwa nakala ya daftari la yule mama, kwa mwandiko wake.