Jangwani na gari-nyumba

Jamani, leo jangwa limetupima! Tukiwa kwenye mwinuko mrefu, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikazima kiyoyozi, nikawasha hita hadi mwisho ili ivute joto la injini, tukasogea pembeni taratibu. Kumbe mpira wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, umepasuka pale mwishoni, kwenye klipu inayoubana. Tulisubiri sana, maana kufungua mfuniko wa rejeta ya moto ni kujitafutia kuungua uso. Ilipopoa nikakata kipande kilichopasuka, nikaurudisha mpira, nikakaza klipu kwa bisibisi, tukaongeza maji. Yale ya akiba, si ya kunywa. Ya kunywa hayaguswi kabisa! Injini imewaka, mshale umetulia katikati. Nimefurahi mno! Kesho tunaondoka alfajiri, kabla jua halijakolea.