Kibonde cha mkondo: siku yangu moja Tanga

Saa 10:30 alfajiri. Muadhini bado, Ngamiani kimya, nami niko sebuleni na kompyuta mapajani. Mchana nafundisha fizikia sekondari. Alfajiri na usiku naandika tasnifu kuhusu mbano wa plazma. Nikimtajia mtu, huuliza: ya damu au ya televisheni?

Si hiyo wala hiyo. Ni gesi iliyopigwa umeme hadi elektroni zikabanduka. Kwenye mashine ninayoiandikia kuna nguzo ya shaba katikati, imezungukwa na fimbo nyingine, zote ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa na kutiwa hidrojeni nzito kidogo. Kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ya maikrofaradi 30, iliyochajiwa hadi volti 15,000, inaachiwa kwa mpigo. Plazma inasukumwa na sumaku ya mkondo wake yenyewe hadi ncha ya nguzo, inaporomokea katikati, inabanwa ikawa uzi. Uzi huo huishi nanosekunde kumi hivi, kisha hufanya vifundo kama muwa na kusambaratika.

Mashine sijawahi kuigusa. Nilicho nacho ni mchoro wa mkondo uliopimwa maabara ya mbali, na kielelezo cha Profesa Sing Lee wa Malaysia, yaani hesabu za kuiga mashine, kinachoendeshwa kwenye Excel. Huyu bwana na wenzake ndio waliobuni mashine hii ndogo ya kilojouli 3 hivi miaka ya 1980, ili vyuo vya nchi kama zetu viimudu. Kazi yangu ni kuufanya mstari wa kompyuta ulale juu ya mstari uliopimwa. Karibu na maikrosekunde ya 3 mkondo hushuka ghafla, kama kibonde. Hapo ndipo mbano ulipo. Kibonde changu kinawahi, siku ya nne leo.

Saa 12:40, mahamri na mbaazi, baiskeli, shule.

Saa 4. Kidato cha tatu. Njiani nilinunua foili kwa kijana wa chipsi ("Mwalimu, leo unachoma nini?") na betri nikaazimwa na dereva wa bodaboda. Nikakata vipande viwili virefu vyembamba, nikavining'iniza sambamba, vidole viwili kati yao, mkondo upite upande mmoja kwa vyote. Nikagusisha waya mara moja tu, kufumba na kufumbua, maana foili hupata moto. Vipande vikarukiana, tap! Nikageuza waya wa kimoja: vikakimbiana. Darasa likataka tena na tena, mpaka kimoja kikakatika.

Nikawasimulia habari ya 1905. Pollock na Barraclough, huko Australia, walichunguza bomba la shaba la kuzuia radi lililokutwa limeminywa baada ya kupigwa na radi. Walilieleza hivi: hakuna nyundo iliyoligonga, mkondo wenyewe ndio uliolibana. Binti mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo linajikumbatia." Neno hilo nimelichukua, litaingia kwenye tasnifu.

Kijana mwingine akauliza kama mashine hii itatupa umeme. Nilimjibu ninavyoamini: sidhani. Viini vya hidrojeni nzito vikiungana hutoa nishati na nyutroni, na mashine hii inatoa nyutroni kama milioni 100 kwa mpigo, lakini nyingi hutokana na miale ya ioni inayogonga gesi, si joto la plazma nzima. Na ukiongeza ukubwa hadi mamia ya kilojouli, ongezeko la nyutroni huanza kudoda. Kama chanzo cha nyutroni na eksirei ni bora na rahisi. Jiko la kupikia taifa, hapana.

Mchana ulikuwa wa kusahihisha madaftari. Sina la kusema.

Saa 2 usiku umeme ukakatika. Kompyuta ina asilimia 38, feni imezimika, mbu wamefika. Nikachukua penseli. Mwanzoni kabisa, kabla plazma haijasogea, mkondo hupanda kwa volti kugawanya kwa induktansi, yaani ukaidi wa saketi dhidi ya mkondo kubadilika: 15,000 kwa nanohenri 110 za mashine hii, karibu kiloampea 136 kila maikrosekunde. Mstari uliopimwa unapanda hivyo. Wangu ulikuwa karibu 148. Kumbe siku zote nimekuwa nikivuruga kipande cha masi, yaani sehemu ya gesi inayosombwa na plazma, kana kwamba plazma ndiyo yenye kosa.

Mke wangu anauza vitenge na hajawahi kukosea daftari la madeni. Nikamwomba anisomee jedwali la namba nilizoingiza kwenye kielelezo, kwa tochi ya simu.

"Baba Zuhura, hapa pameandikwa mia na moja."

"Mia na kumi."

"Mia na moja. Njoo uone."

101. Tarakimu zimepishana. Nikairekebisha, nikarudisha masi ilipokuwa, nikabonyeza. Kibonde kikakaa palepale, mstari juu ya mstari, betri ikiwa asilimia 19.

Akasema ukaguzi una malipo: kesho mimi ndiye wa kwenda Deep Sea kununua samaki.