Nakala ya Kinyume Inayojitegemea Katika Michoro ya CAD

Geti la milango miwili, la aina inayochomelewa kila siku katika karakana za Viwandani na Kariobangi hapa Nairobi, ndilo mfano ninaoupenda kuutumia ninapowaeleza wasanifu wenzangu wanaochora kwa kompyuta (CAD) kwa nini nakala iliyoakisiwa, yaani iliyogeuzwa kama kwenye kioo, haifai kubaki imefungwa milele kwenye asembli ya asili, yaani mkusanyiko wa vipande ilikotoka. Mwanzoni milango hiyo inafanana kwa kila kitu isipokuwa upande: fremu ya bomba la mraba, bati, bawaba na komeo. Msanifu huchora wa kushoto, akauakisi, akapata wa kulia. Kisha mteja huagiza kilango cha waendao kwa miguu, nacho kitakaa kwenye mlango wa kulia pekee. Kuanzia hapo hivyo ni vitu viwili tofauti, na faili zake zinapaswa kuwa mbili kwa kweli.

Tatizo hutokana na namna faili ya asembli ilivyo. Haibebi vipande vyenyewe, bali hubeba marejeo ya faili za vipande hivyo, pamoja na mahali vinapokaa na masharti yanayovishikanisha. Kwa hiyo anayehifadhi asembli kwa jina jipya, akadhani amepata nakala kamili, huwa amenakili orodha tu. Akirefusha bomba moja ndani ya nakala hiyo, bomba la asembli ya kwanza nalo hurefuka, kwa kuwa faili ni ile ile. Uhuru wa asembli huanzia kwenye vipande.

Hata hivyo, si kila kipande kinahitaji faili mpya, na hapa ndipo ninaposihi watu wasiharakishe. Kipande chenye ulinganifu, kama bomba lililokatwa wima ncha zote mbili, kikiakisiwa hutoa kipande kile kile, kwa hiyo kitumike kilivyo. Bamba bapa lenye matundu yaliyonyooka hupinduliwa tu likatosha pande zote mbili. Lakini bamba hilo hilo likipanuliwa mdomo wa tundu upande mmoja, ili kichwa cha skurubu kizame, huenda kupindua kusisaidie tena. Sasa lina kushoto na kulia kama ndara. Bolti na nati zisiakisiwe kamwe: nyuzi zilizochorwa za kukaza kwa mkono wa kulia zikiakisiwa huwa za mkono wa kushoto, na bolti ya namna hiyo huipati kwenye duka la kawaida la vifaa. Maandishi yaliyochongwa kwenye bati nayo hugeuka yakasomeka kinyumenyume. Ndiyo maana programu nyingi humwezesha msanifu kuchagua, kipande kwa kipande, kipi kiakisiwe, kipi kitumike tena na kipi kiachwe nje.

Kuhusu vipande vinavyoakisiwa, linabaki swali la kiungo kati ya nakala na kipande cha asili. Kikiwepo, badiliko la kushoto huhamia kulia, na hilo ni jambo jema wakati usanifu bado unabadilika. Mimi hukiacha mpaka pande zitakapoanza kutofautiana, ndipo nikikate, nikijua gharama yake katika programu ninayoitumia. Katika SolidWorks, unapoakisi kipande unaweza kuchagua kukata kiungo palepale, nazo hatua za uundaji zikanakiliwa, hivyo michoro ya msingi inaharirika. Katika Inventor, kipande kilichoakisiwa hutokana na kile cha asili. Ukikata kiungo unabaki na umbo lisilo na historia ya jinsi lilivyojengwa, na kiungo hicho hakirudi. Anayetarajia kubadilisha mengi huko ni afadhali akichore upya kipande hicho.

Kwa asembli inayohitaji nakala nzima, amri ya Pack and Go ya SolidWorks hukusanya vipande na michoro ya karakana pamoja, ikikuruhusu kuongeza herufi za kutofautisha kwenye majina yote. Usisahau sifa zilizofichika ndani ya faili: namba ya kipande hunakiliwa pia, na vipande viwili tofauti vyenye namba moja vitavuruga orodha ya vifaa.

Kabla ya kutuma chochote karakanani, mimi hubadilisha kipimo kimoja kwenye nakala, tuseme bomba la milimita 40 liwe la 50, kisha nikafungua asembli ya asili na kuiamuru programu iijenge upya. Ikitulia bila kubadilika, narudisha kipimo na kuendelea. Baada ya hapo kila upande upewe karatasi yake ya mchoro. Desturi ya kuchora mlango mmoja na kuandika pembeni kwamba wa pili ni kinyume chake inafaa pale tu milango inapofanana kabisa. Penye kilango upande mmoja, fundi anayeandika kwa chaki juu ya chuma „kushoto” na „kulia” anastahili kuona kila mlango na vipimo vyake.